Swali la Rafiki Yangu

Kila Ramadhani huwa tunaweka kikapu karibu na mimbari ili watu watie maswali yao, na baada ya tarawehe mmoja wetu huyajibu kwa kipaza sauti. Maswali ya zaka na ya kufuturu safarini huja kwenye karatasi nzima, kwa hati iliyotulia, mengine yana jina la muulizaji na mtaa wake. Mengine huja yamekunjwa na kukunjwa tena mpaka karatasi inakataa. Hayo ukiyafungua huanza kwa namna moja: Maalim, rafiki yangu ana tatizo.

Huyo rafiki ana mitihani mingi. Akimaliza kukojoa na kutawadha, matone bado yanamfuata, naye anauliza hukumu ya udhu wake. Ana uvimbe upande mmoja, anauliza kama anafaa kuswalisha. Ameamka na majimaji ya njano kwenye nguo ya ndani, anauliza kama ni josho au kufua tu. Ameambiwa daktari wa zamu ni mwanamke, anauliza kama atapata dhambi. Kwa miaka yote niliyokaa na kikapu kile sijawahi kufungua swali la aina hiyo ambalo muulizaji mwenyewe ndiye mgonjwa.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Ngamiani, Tanga. Nasomesha watoto Kurani na fiqhi ya mwanzo, na msiba ukitokea huitwa kuosha maiti za kiume. Kazi zote mbili zimenileta mahali pamoja, kwenye swali ambalo nimelibeba muda mrefu: je, haya, ambayo tumefundishwa kuwa ni tawi la imani, inamdai mwanamume afiche maradhi ya utupu wake? Ukituuliza barazani tutajibu hapana, tena kwa sauti. Mwenendo wetu unajibu ndiyo.

Nianze na huyo rafiki, maana ana nasaba nzuri. Ali bin Abi Talib alikuwa mtu wa kutokwa na madhii kwa wingi, yale maji mepesi ya matamanio, na hakujua afanyeje. Wa kumuuliza alikuwepo, tena karibu kuliko wote. Lakini aliyekuwepo ni Mtume, naye ni mkwewe. Ni mwanamume gani wa pwani ambaye haielewi shida hiyo? Huwezi kukaa mbele ya baba wa mkeo ukaanza habari za matamanio. Basi Ali akamtuma Mikdad bin al-Aswad, Mikdad akauliza, jibu likapatikana: aoshe sehemu zake na atawadhe. Habari iko katika Bukhari na Muslim. Sehemu tunayoipita haraka ni hii: anayetusimulia ni Ali mwenyewe. Aliona haya siku ile na mbele ya mtu yule, akapata mlango wa pembeni, na baadaye akasimama akawaambia watu wote kwamba yule mwenye shida nilikuwa mimi. Haya yake haikuvunjwa na swali lake halikufa. Kwa hiyo simcheki anayeandika rafiki yangu. Kikapu ni Mikdad wake. Ninaloomba ni kwamba jibu likifika, limfikie mgonjwa zima, na hapo ndipo sisi wenye vipaza sauti tunapopungukiwa.

Fikirini tunachowafundisha watoto. Mvulana wa miaka kumi na mbili chuoni kwangu anajua kutofautisha mani, madhii na wadii. Anajua lipi linatoka kwa kuruka, lipi kwa kuteleza, lipi baada ya mkojo, na kila moja linamlazimu nini. Anajua istibrai: kwamba ukimaliza haja ndogo usikurupuke, ngoja, kohoa, hakikisha njia imekauka. Dini imemzoesha mwanamume kuuchunguza mwili wake mara tano kwa siku, tangu kabla ndevu hazijaota. Wapo madaktari ambao wangefurahi kupata mgonjwa mwenye mazoea hayo. Kisha tunakuja kumwambia mtu huyo huyo kwamba mambo haya hayazungumzwi!

Chukua swali la matone. Jibu lake la kifiqhi ni maarufu: mwenye mkojo usiozuilika asubiri wakati wa swala uingie, ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe na aswali, na arudie hivyo kwa kila faradhi. Jibu ni sahihi na lina huruma. Lakini aliyeuliza ni mzee wa miaka sitini na tano ambaye zamani istibrai yake ilikuwa ya kukohoa mara moja, na sasa anasimama chooni mpaka iqama inapigwa. Usiku anaamka mara nne. Mkojo unaanza kwa kusitasita, unatoka mwembamba, unakatika. Huyo tezi dume yake imekua. Iko chini ya kibofu na inaizunguka njia ya mkojo, kwa hiyo ikivimba inaibana. Mara nyingi si saratani na dawa za kuilegeza zipo. Ikiachwa, kibofu kinaweza kushindwa kabisa kujimwaga, mkojo ukarudi nyuma na kuumiza figo. Saratani nayo ikiwemo, mwanzoni mara nyingi huwa haina dalili. Sheikh akijibu udhu akashuka mimbari, amesema haki na amemwacha mzee wa watu na tezi yake. Najua kinachowatisha wazee ni kile kipimo cha kidole. Kinachukua muda mfupi kuliko kusoma dua ya kunuti, na mara nyingi huambatana na kipimo cha damu.

Kwa asiyewahi kuingia chumba cha maiti, nieleze kidogo. Maiti hulazwa juu ya kitanda cha kuoshea, chini umechimbwa ufuo wa kupitishia maji, ubani unafukizwa tangu mwanzo. Kuanzia kitovuni hadi magotini hufunikwa shuka, na shuka hiyo haiondoki. Mwosha huminya tumbo taratibu ili kilichobaki kitoke. Kisha huzungushia kitambaa mkono wake wa kushoto, huuingiza chini ya shuka na kusafisha tupu mbili bila kutazama. Kitambaa hicho hutupwa na kuchukuliwa kingine, ndipo yanapokuja maji ya mkunazi, na mwisho maji yenye kafuri.

Macho hayaoni, lakini mkono unajua. Mkono wangu umekutana na mabusha ambayo watu waliyapanga ndani ya misuli na kanzu pana kwa nusu ya maisha yao. Umekutana na utumbo ulioshuka mpaka kwenye mfuko wa korodani, na juu yake tumbo gumu kama ubao. Umekutana na korodani ngumu, nzito, ya kijana. Ni nani na nani, sitasema, na hapa nimechanganya makusudi ili hata jirani asibahatishe. Kazi hii ina sheria ya kufunika: hadithi iliyopokewa na al-Hakim inamwahidi msamaha mara arobaini mwenye kumwosha maiti akayaficha aliyoyaona.

Ninachoweza kusema bila kuivunja amana ni hiki. Kwa baadhi ya watu hao, mkono wa kwanza kufika pale, ukitoa wa mke, ulikuwa wangu. Mjane hunong'ona kwamba aliujua uvimbe ila marehemu hakutaka uzungumzwe. Mtu aliyekataa maisha yake yote kulala kwenye kitanda cha daktari amelala kwenye changu, kwa sababu hana tena uwezo wa kukataa. Na sheria imeniruhusu mimi, mtu baki, niuguse mwili ambao hauwezi kupona. Iweje imnyime ruhusa mtu anayeweza kuuponya ukiwa hai?

Atakayebisha atasema mwosha hatazami, na mkono wake una kitambaa. Ni kweli, na hoja yangu siitegemei peke yake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anapomaliza kuharamisha kutazama na kugusa katika Minhaj al-Talibin, anayahalalisha yote mawili kwa ajili ya kutoa damu, kuumika na matibabu. Ni maneno machache, na Mashafii wa pwani hii wameyasoma kwa masheikh wao vizazi na vizazi. Waliokuja baadaye wakaweka mipaka: haja ya kufunua tupu iwe nzito kuliko haja ya kufunua mguu, kifunuliwe kinachohitajika tu, mwanamume atibiwe na mwanamume akipatikana anayeijua kazi, asipopatikana atibiwe na aliyepo. Kwa hiyo yule rafiki aliyepangiwa daktari wa kike alishajibiwa zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Kama yupo wa kiume, amwombe. Kama hayupo, aingie.

Ruhusa basi haijawahi kukosekana. Kilichokosekana niliking'amua siku niliyomsindikiza mzee mmoja kupasuliwa busha.

Huku kwetu busha si hadithi ya mbali. Tulikulia tukiambiwa linaletwa na madafu, na mpaka leo wapo wanaomnyang'anya mtoto wa kiume dafu la pili. Wengine waliambiwa ni baridi, wengine ni mizigo ya bandarini, wengine ni dawa ya mume aliyekasirika. Ukweli unaanzia kwa mbu, hasa huyu wetu wa vyoo vya shimo na mitaro iliyoziba. Anapouma humwachia mtu vijidudu vya mnyoo uitwao Wuchereria bancrofti. Wakikua hukaa ndani ya mishipa ya limfu, na kwa mwanamume hupendelea ile ya mfuko wa korodani. Huishi humo miaka sita hadi minane, wakizaa vitoto vinavyojitokeza kwenye damu usiku, saa za mbu kuuma. Ndiyo maana wapimaji wa zamani walipita mitaani kuanzia saa nne za usiku, na usishangae wakiitwa mumiani. Mwenyeji mwenyewe huenda asihisi kitu kwa miaka. Kisha maji hujikusanya kuizunguka korodani, polepole, bila maumivu. Miguu ikivimba tunaita matende. Mnyoo ni huo huo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanaume milioni 25 duniani wana busha la namna hii.

Makunduchi, kule Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe nyepesi za polisterini kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Zikaelea, zikatanda, mbu wakakosa pa kutagia, na huku watu wakapewa dawa. Nalipenda jambo hili kwa sababu halikumvua mtu nguo. Kwa Tanzania Bara kingatiba ilianzia Mafia mwaka 2000, na baadaye ikafika kwetu: ivermectin na albendazole mara moja kwa mwaka, kwa mzima na mgonjwa. Vidonge hivyo huua vitoto vya mnyoo na kukata njia ya maambukizi. Busha lililokwisha kujaa havilitoi, hilo ni la kisu. Kulinyonya kwa sindano ni kujidanganya, maji hurudi, na sindano chafu inaweza kuingiza usaha.

Mzee wangu alikuwa amekataa mara kadhaa. Alipokubali alitoa sharti moja: Maalim aingie naye. Tukakaa kwenye benchi pamoja na watu wengi, wanawake kwa wanaume, na miongoni mwao kaka wa mkwewe. Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akachungulia, akauliza kwa sauti ya kutosha kusikika getini: "Mwenye busha yuko wapi?"

Mzee akatazama sakafu. Nilimwona anahesabu hatua za kufika nje. Nikasimama mimi.

Ndani, daktari kijana, mwenye adabu, alifunga mlango, akavuta pazia, akamwambia mzee, "Babu, nitashika hapa, nikikuumiza niambie." Akazima taa. Akaweka tochi nyuma ya uvimbe, na uvimbe wote ukawaka rangi nyekundu, hata kivuli cha korodani kikaonekana kwa pembeni. Akatueleza kwamba kwa kawaida maji hupitisha mwanga hivyo, utumbo na nyama havipitishi. Mzee aliinua kichwa kuangalia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anakitazama kitu kile kwa udadisi. Upasuaji wenyewe haukuwa na mkasa: ganzi ya mgongoni, maji yakatolewa, mfuko uliokuwa ukiyahifadhi ukakatwa, akashonwa, akapewa nguo ya kubebea mshono. Baada ya wiki chache alirudi safu ya mbele.

Mimi ndiye niliyebaki na busha. Habari ilifika kwenye kahawa kabla yetu. Kwa muda wa miezi kadhaa watu walinipisha viti kwa upole wa ajabu, na mmoja akamtuma mwanawe kuuliza kama swala nyuma ya mwenye mshipa inasihi. Inasihi. Hakuna kitabu kilichosema vinginevyo.

Kwenye kahawa ile nilimkumbuka sana Nabii Musa. Katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Abu Huraira, Bani Israili walikuwa wakioga uchi pamoja wakitazamana. Musa, kwa haya yake, alioga peke yake. Wakasema hakuna kinachomzuia kuoga nasi ila ana busha. Siku moja akaweka nguo zake juu ya jiwe, jiwe likakimbia nazo, naye akalifuata akiliita, mpaka likampitisha mbele ya kundi lao, wakaona kuwa ni mzima. Wafasiri wengi wanaiunganisha habari hii na aya ya 69 ya Suratul Ahzab, inayowakataza waumini wasiwe kama wale waliomuudhi Musa.

Huwa tunaisimulia kwa ajili ya muujiza wa jiwe, watoto wakacheka, tukaendelea. Nami nimekuja kuiona kwa upande mwingine. Lawama katika kisa hiki hakupewa aliyejifunika. Hakulaumiwa pia mwenye busha, maana hata angekuwa nalo lisingemtoa kwenye utume. Waliolaumiwa ni waliokisia. Maudhi yalikuwa ni mazungumzo yao: kikao cha wanaume kikijadili kilichomo ndani ya nguo ya mwenzao. Aya ile inakataza kahawa yetu.

Haya ndiyo ninayotaka kuyasema, na mengine yote ni ya kuyaegemeza. Tumemtwika mgonjwa deni lisilo lake. Sitara ni wajibu wa anayeona. Mwosha anadaiwa, daktari anadaiwa, muuguzi wa mlangoni anadaiwa, sisi wa benchi tunadaiwa. Mgonjwa akishajifunua kwa haja, ametimiza upande wake, na kuanzia hapo amana imehamia mikononi mwa wengine. Tunapombandikia mabango ya kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, tunamkemea mtu kwa kuogopa kitu ambacho tunamfanyia kweli. Yule mzee hakukosea alipotazama sakafu. Kama pale mlangoni kungekuwa na namba badala ya jina la ugonjwa, angeinuka mwenyewe.

Lipo jambo jingine linalonipinga, nami sitalikwepa kwa kuwa ni hadithi sahihi. Ibn Abbas alimwonyesha Ata bin Abi Rabah mwanamke mweusi na kumwambia kwamba huyo ni wa peponi. Mwanamke huyo alikuwa na kifafa. Akianguka nguo zilimfunuka. Alimwendea Mtume akamwomba dua. Akapewa hiari: asubiri na apate pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, akaomba kitu kimoja tu, asiwe anafunuka. Akaombewa hilo. Nina wazee wanaonisomea kisa hiki kila ninapowasukuma waende hospitali ya Bombo. Maalim, wananiambia, subira ina malipo.

Ina malipo, sibishi. Na wanazuoni wetu wengi hawakusema kutafuta tiba ni wajibu katika kila hali. Mashafii wamesema ni sunna. Lakini mtazameni yule bibi alivyofika kwenye subira yake. Alitoka nyumbani. Alimwendea wa kumwendea, akautaja ugonjwa wake na akataja pia linalomtia aibu. Akaelezwa njia zilizopo, kisha ndipo akachagua. Alisubiri akijua anachosubiri. Mzee wangu mwenye damu kwenye mkojo hajui kama ana kichocho, ambacho dawa yake ni vidonge vya siku moja, au ana jiwe, au ana saratani ya kibofu. Hawezi kusema ameichagua subira juu ya tiba wakati hajaambiwa tiba ni ipi. Aende apimwe kwanza. Akirudi na jina la ugonjwa mkononi akasema nimemwachia Mungu, nitanyamaza na nitamwombea. Na jambo lingine katika kisa hiki: yule bibi aliposubiri ugonjwa, hakulazimishwa asubiri fedheha. Hilo aliondolewa.

Mambo mengine hayana hata nafasi ya mjadala huo, kwa sababu saa inakimbia. Hapa nitasema kama mtu wa mtaani aliyewauliza madaktari, maana najua baba wengi wanaosoma haya wana wavulana. Mtoto wa miaka kumi hadi ishirini akishikwa ghafla na maumivu makali ya korodani moja, pengine na kutapika, inawezekana korodani imejisokota na kukata damu yake. Ina kama saa sita za kuokolewa vizuri. Usingoje alfajiri, usimpake mafuta ya nyonyo, usimwite wa kumsomea. Na mvulana mwenye haya atakuambia tumbo linauma. Muulize tena, mkiwa wawili tu. Chuoni kwangu nimewaambia vijana wote kwamba wakiumwa huko waseme Maalim, naumwa chini, na hakuna atakayeulizwa zaidi mpaka tufike hospitali.

Ngiri iliyokuwa ikirudi ndani ukilala, ikikataa kurudi na kuuma, hiyo ni ya usiku huo huo, utumbo umenaswa. Mkojo uliofunga kabisa, vilevile. Uume uliosimama ukakataa kulala kwa saa nne, hasa kwa kijana mwenye seli mundu, vilevile, hata kama wenzake wanamcheka. Govi lililovutwa nyuma likakwama na kubana, hivyo hivyo. Mengine yanaweza kungoja Jumatatu, mradi iwe Jumatatu hii: uvimbe mgumu kwenye korodani usiouma, na kutouma kwake kusikutulize, usaha, kidonda. Kidonda cha kaswende hakiumi na hupona chenyewe, mtu akashukuru, kumbe ugonjwa umeingia ndani. Anayetibiwa kisonono aende na mwenzake, la sivyo watarudishiana. Swali la nani alianza waliweke mpaka dawa imalizike.

Nimalizie kwenye baraza letu la suluhu, ambako jambo hili huja likiwa limevaa nguo nyingine. Mke anasema mume hamjui tena. Mume ananyamaza, au anasema kazi nyingi. Fiqhi yetu ina hukumu ya zamani kwa mume asiyeweza: mke akidai, kadhi humpa mume muda wa mwaka mzima. Sababu waliyoitoa wanazuoni ni kwamba mwaka una misimu yote, joto na baridi, ukame na unyevu, na huenda tatizo ni la tabia ya mwili, likaondoka msimu ukibadilika. Walikuwa wakifikiri kitabibu, kwa tiba ya zama zao, ndani ya mahakama, juu ya jambo ambalo sisi tunaona aibu kulitaja. Hawakuona kuwa limeshusha heshima ya kadhi.

Mwaka huo siku hizi unaliwa na wauza dawa. Mume yule yule asiyeweza kumwambia daktari anamweleza kila kitu mtu wa gari la matangazo pale sokoni, mbele ya kadamnasi, ananunua mkongo na unga usio na jina, anakunywa supu ya pweza mpaka anaikinai. Sikatai pweza. Lakini nguvu zikipungua polepole kwa mtu wa miaka hamsini, mara nyingi mishipa yake ya damu inatoa taarifa: sukari, shinikizo la damu, wakati mwingine moyo, kabla moyo wenyewe haujalalamika. Na zipo dawa za presha zinazopunguza nguvu. Hizo daktari huweza kuzibadilisha, mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake.

Kwa hiyo katika kikao cha kwanza, kabla hatujahesabu mwezi wowote, namwomba mume tutoke nje wawili, namuuliza amepima sukari lini na anakunywa vidonge gani. Wenzangu wawili barazani hawaafiki. Mmoja anaona nimeacha kazi ya usuluhishi na kuingia ya watu wa koti jeupe. Wa pili, ambaye elimu yake naiheshimu kuliko yangu, ana hoja nzito zaidi: kwamba kadhi hahukumu kwa asiloulizwa, na mke amedai muda, hakudai kipimo. Namjibu kwamba muda ule uliwekwa ili sababu ijulikane. Ananijibu kwamba uliwekwa ili udhaifu uthibitike. Tumefungua vitabu, naye ana maneno ya kuegemea na mimi ninayo. Tumekubaliana kumwandikia sheikh mmoja wa Unguja, na huku tukingoja jibu lake, mimi bado nawatoa nje.